Mto Hauponi kwa Kuachwa

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu nijibu neno moja lisemwalo sana katika nchi yetu, tangu Shinyanga hata Geita. Neno lenyewe ni hili, ya kwamba kijito kilichooshewa dhahabu kikiachwa tu, kikapata mvua za miaka mitatu minne, kitapona chenyewe. Nimelisikia kwa wazee wa kanisa, na kwa waalimu wenzangu, na kwa wenye mialo. Wala hawalisemi kwa ubaya. Ni watu wenye akili, wawapendao watoto wao, na kwa hiyo maneno yao hufuatwa na kijiji kizima. Lakini katika jambo hili wamekosa, na kosa lao laweza kuwadhuru watoto ambao hawajazaliwa bado.

Kwanza niseme fikira hii imetoka wapi, maana haikuzuka bure. Sisi Wasukuma tuna ngitili. Msomaji wa mbali na ajue kwamba ngitili ni sehemu ya malisho ambayo mwenyewe huifunga wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili majani yakue na kuwekwa akiba ya kiangazi. Ni desturi ya babu zetu. Kisha ilipungua sana. Miti ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini wakaziacha ngitili zao nyuma, hata Shinyanga ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600 tu. Kabla haijapita miaka 20 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Hilo ni jambo la ajabu, na wageni wametoka nchi za mbali kuja kulitazama.

Nalo lilifanyikaje? Miche ilipandwa, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kufunga na kuacha. Mizizi ilikuwa chini ya udongo ikingoja. Dagashida, lile baraza letu la kale, lilikaa likaweka amri, aliyeingiza ng'ombe alitozwa, sungusungu walilinda. Ukwato ulipoondoka na shoka lilipowekwa chini, mti uliinuka wenyewe. Hata mahubiri yalipata mfano hapo, maana katika kitabu cha Walawi Mungu aliwaamuru Israeli waipumzishe nchi mwaka wa saba. Basi mzee wa Shinyanga asemapo kwamba nchi iliyochoka huponywa kwa kupumzishwa, hasemi habari ya kusikia. Ameiona kwa macho yake mwenyewe.

Lakini na aangalie ni ugonjwa gani aliouona ukipona. Nchi ya Shinyanga iliumizwa kwa kunyang'anywa. Ilinyang'anywa miti, ikanyang'anywa majani, na mnyang'anyi alipozuiliwa ilijirudishia mali yake. Kijito cha dhahabu kimeumizwa kwa namna nyingine kabisa. Hicho kimetiliwa kitu ndani. Mtu aliyenyimwa chakula utampa chakula na usingizi, atapata nguvu. Mtu aliyenyweshwa sumu ukimlaza kitandani na kufunga mlango, je, utakuwa umemtibu?

Wengi wa wasomaji wetu wameuona mwalo, lakini nitaueleza kwa ajili ya wale wasiouona, na kwa ajili ya wale wanaouona kila siku hata wasiutazame tena. Mawe hutolewa katika duara, nayo husagwa katika karasha mpaka yawe unga. Unga huo hupelekwa kwenye mwalo, ambao ni ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia au mazulia, na maji humwagwa juu yake. Kwa kuwa maji ndiyo yanayotakiwa, mwalo huwekwa karibu na maji. Hapo ndipo kijito kinapoingia katika habari hii. Mchanga mwepesi huteremka, nao huitwa marudio. Uzito hubaki katika magunia. Magunia hukung'utwa ndani ya karai, na mtu, mara nyingi kijana, pengine mtoto aliyepaswa kuwa darasani, hutia zebaki kidogo na kuisugua katika mchanga kwa mikono yake mitupu. Zebaki huishika dhahabu, zikawa donge moja. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa motoni, tena mara nyingi ni jiko lile lile la nyumbani. Zebaki hupanda kwa moshi usioonekana, dhahabu hubaki. Maji ya karai humwagwa chini.

Sasa niulize: ile zebaki imekwenda wapi? Mwenye mwalo atasema imekwisha. Haikwisha. Zebaki ni madini kama chuma na shaba. Moto hauiteketezi, na udongo hauiozeshi. Ile iliyopanda kwa moshi imeingia katika mapafu ya aliyekuwa karibu na jiko, na nyingine imeshuka juu ya paa na kupelekwa na mvua katika maji ya kunywa. Ile iliyomwagwa na karai imekaa katika marudio. Na marudio yako wapi? Yamerundikwa ukingoni mwa kijito.

Mvuke wake hutetemesha mikono, huharibu kumbukumbu, humfanya mtu awe mkali bila sababu. Watu husema huyu amelewa, au huyu amerogwa. Lakini iliyo majini ina hila zaidi. Katika tope lisilopata hewa wamo vijidudu vidogo ambavyo huigeuza zebaki kuwa ya namna nyingine, iingiayo upesi katika viumbe hai. Kidudu cha majini huila kidogo, samaki mdogo huwala wadudu wengi, samaki mkubwa huwala wadogo wengi, na kila hatua inazidi. Mwanamke mwenye mimba hula samaki huyo, naye mwenyewe asijione mgonjwa hata kidogo. Sumu huvuka ikaenda kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo atakuja shuleni baada ya miaka 7, na mimi mwalimu wake nitamwita mvivu.

Mwaka 2003 wataalamu wa miamba kutoka Uingereza walikuja Rwamagasa, katika wilaya ya Geita, kwa kazi iliyosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Walipima maji, tope, udongo, samaki na watu. Waliona kwamba samaki wa ghuba ya Nungwe, katika Ziwa Viktoria, walikuwa na zebaki kidogo tu. Lakini baadhi ya samaki waliopatikana karibu na mahali pa kuoshea dhahabu walikuwa wamepita kipimo kilichowekwa kwa ajili ya wenye mimba na watoto. Tena waliona zebaki katika udongo wa mbuga iliyo kando ya mto Isingile, ambako mafuriko hutandaza marudio.

Wako waliofurahi kusikia habari ya samaki wa ziwani, nami pia nilifurahi. Lakini tuisome habari yote. Kazi ya zebaki katika nchi ile ilikuwa imeendelea miaka mingi, na mvua zilikuwa zimenyesha kila mwaka. Kama mvua ndiyo dawa, ingaliisafisha Rwamagasa zamani. Haikuisafisha. Sumu ilikuwa bado kwenye mwalo, na kando ya mwalo, na katika mbuga iliyo chini ya mwalo. Naona mambo mawili hapo. La kwanza, mto hauiondoi zebaki, huisogeza kidogo kidogo tu, nayo husogezwa kuelekea mashamba yetu ya mbugani. La pili ndilo linipalo matumaini: kwa kuwa haijaenda mbali, yawezekana kuifuata na kuitoa. Kitu kilichorundikwa mahali pamoja chaweza kupakiwa. Kikisha kutawanyika katika bonde zima, nani atakiokota?

Msidhani kwamba haya ni matatizo ya watu maskini peke yao. Katika Marekani, katika jimbo la California, uko mji mkubwa uitwao San Jose. Karibu nao, mwaka 1845, palianzishwa mgodi wa zebaki ulioitwa New Almaden, na zebaki yake ilipelekwa kwa wachimba dhahabu wa nchi ile kwa kazi ile ile tuifanyayo sisi. Kazi ya mgodi ilikoma katika miaka ya 1970. Leo mahali pale ni bustani ya kutembea, miti imeota, milima ni kijani. Mtu wa Shinyanga akipaona atasema, pamepona. Hata hivyo vijito vitokavyo pale vinapita katikati ya mji, na watu huonywa mpaka leo wasile samaki wake. Miti imerudi na sumu imebaki. Wenyeji wamelazimika kuyachimba mabaki ya mawe yaliyochomwa na kuyaondoa katika kingo za vijito, kazi ya fedha nyingi, miaka mingi baada ya wale waliopata faida kufa na kuzikwa.

Na katika Japani liko jina ambalo limepewa mapatano ya mataifa yote. Kiwanda kimoja cha Minamata kilimwaga zebaki katika ghuba, wavuvi na paka wao wakaanza kutetemeka, na mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa. Ilikuwa zebaki ya kiwanda, haikuwa ya dhahabu, nami sipendi kuichanganya. Nataja tu namna walivyofanya baadaye. Hawakuingoja bahari. Tangu mwaka 1977 hata 1990 walilifukua tope lenye sumu chini ya ghuba na kulizika mahali palipozungushiwa ukuta. Mwaka 1997 ndipo walipotangaza kwamba samaki wa pale wanaweza kuliwa. Mapatano ya Minamata yaliandikwa mwaka 2013, na Tanzania iliyathibitisha mwaka 2020. Basi tumeweka ahadi mbele ya mataifa, na huku karai ingali inamwagwa kijitoni.

Hapa najua nitajibiwa kwa hasira. Watasema, mwalimu anawaonea wanyonge. Mbona hawasemi wenye migodi mikubwa? Nami nawasema. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipasuka, tope likatapakaa katika mashamba na nyumba za watu wa vijiji vya karibu. Mwenye bwawa kubwa ana deni kubwa, na serikali imdai bila kumwonea haya. Lakini tazameni namna tulivyolipokea jambo lile. Nchi nzima ilipiga kelele, maana tope lilionekana, na aliyelimwaga hakuwa ndugu yetu. Kijiko cha zebaki hakionekani, na akimwagaye ni shemeji yangu, ni mwimbaji wa kwaya, ni baba wa mwanafunzi wangu. Tumejifunza kupaza sauti juu ya bwawa la mwingine ili tusiulizwe habari ya karai letu wenyewe.

Wengine watasema, tukiiacha zebaki tutakula nini? Hili ni swali la haki na sitalijibu kwa mzaha, kwa maana nimewaona watoto wakilipiwa sare na madaftari kwa fedha ya mwalo. Sijasema watu waache dhahabu. Iko njia ya kuupunguza mchanga kwanza kwa meza zinazotikisika au kwa mialo iliyotengenezwa vema, hata zebaki inayohitajiwa iwe kidogo sana. Kipo chombo cha chuma kilichofunikwa, ambacho huunasa mvuke wakati donge linapochomwa na kuirudisha zebaki ili itumike tena. Mwenye nacho hapotezi fedha, anaipata. Iko boraksi, ile chumvi ambayo wafua dhahabu huitumia kuyeyushia. Wachimbaji wa Benguet katika Ufilipino wameitumia mahali pa zebaki miaka mingi. Haifai kwa kila mwamba, lakini kwa baadhi ya miamba inafaa. Mtu asemaye hakuna njia ila karai na mkono mtupu amechoka kutafuta tu.

Tena liko kundi la tatu, na hao nawaogopa kuliko wote, kwa kuwa wanakuja na sura ya waganga. Hununua marudio ya zamani na kuyalowesha katika dawa ya sianidi ili kuipata dhahabu iliyobaki. Husema, sisi tunawasaidia, tunaondoa uchafu ukingoni. Lakini marudio yenye zebaki yakitiwa sianidi kabla zebaki haijatolewa, zebaki huyeyuka ikawa nyepesi kusafiri, na ile iliyokuwa imelala huamka. Mapatano ya Minamata yameitaja desturi hiyo kwa jina, pamoja na kuchoma donge katika makazi ya watu, kuwa miongoni mwa mambo ya kukomeshwa kabisa. Basi mtu akija kijijini na kutaka kununua lundo lenu, mwulizeni kwanza atafanya nini na zebaki iliyomo. Asipojua kujibu, asipewe.

Nasema basi yatupasayo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wameisikia kwa habari ya mashamba, na bwana shamba amewafukuza wenye bustani za mchicha, lakini mwalo umeachwa mahali pake kwa sababu mwalo una fedha. Mwalo na uhame. Kijiji kitenge mahali pamoja, juu, mbali na maji na mbali na nyumba, penye shimo lililosakafiwa ambalo maji yake hayatoki nje bali hutumika tena na tena. Marudio yaliyo ukingoni yapakiwe wakati wa kiangazi na kupelekwa hapo, wala yasingoje mvua nyingine. Mbuga iliyo chini ya mwalo wa zamani isilimwe chakula mpaka udongo wake upimwe. Na gharama ya kupakia ilipwe na wale waliopata dhahabu, kila mmoja kwa kadiri ya mifuko aliyosaga. Karasha lina daftari, na daftari halisahau.

Nani atakayesimamia? Hapa ndipo ninaporudi kwa wazee wangu wa ngitili, tena kwa heshima. Nimeikataa hoja yao, lakini chombo chao ndicho nikitakacho. Dagashida iliweza kumtoza mwenye ng'ombe 200, mtu mkubwa, mkwe wa watu. Kwa nini isiweze kumtoza mwenye mwalo? Waliofunga malisho ya vijiji 833 bila askari hawawezi kuniambia kwamba kufunga ukingo wa kijito kimoja kumewashinda.

Yote hayo yakiisha kufanyika, ndipo miti ipandwe. Kwa sasa tunaanza mwishoni. Kila mwaka, siku ya mazingira, watoto wa shule huletwa mtoni na miche, wakubwa hupigwa picha, na miche hupandwa juu ya marudio yenyewe. Nami nimewaongoza wanafunzi wangu katika kazi hiyo, wamechimba mashimo kwa mikono katika mchanga ule. Nilipojua ulivyo na nini ndani yake, nililala vibaya.

Limebaki neno moja la nyumbani kwetu, nalo ni zito. Kanisani tunapokea sadaka ya shukrani ya wenye mialo. Wao ni wakarimu kuliko wakulima, na mabati ya makanisa mengi ya nchi hii yametoka katika dhahabu. Sisemi irudishwe. Lakini katika kitabu cha Kutoka tumesoma jinsi Musa alivyoichukua ile ndama ya dhahabu, akaichoma moto, akaisaga hata ikawa unga, akaunyunyiza juu ya maji na kuwanywesha wana wa Israeli. Ilikuwa adhabu. Sisi twasaga, twachoma, twamwaga majini na kunywa, na kisha tunatoa shukrani. Je, mchungaji hawezi kumwuliza mtoa sadaka mwalo wake uko hatua ngapi kutoka majini? Na nabii Elisha, watu wa Yeriko walipomlilia kwamba maji yao ni mabaya na nchi yao inaharibu mimba, hakuwaambia wangoje mvua. Aliomba chombo kipya, akatoka, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe.

Katika kijiji nikaamo lundo la marudio liko ukingoni hata leo, na kina mama hufulia chini yake. Nimemwandikia mwenyekiti nikiomba nafasi ya kusema katika mkutano kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Atakayesimama kunijibu kwamba mto utapona wenyewe, nitamwomba kitu kimoja tu: atuonyeshe ni mvua ya mwaka gani iliyoiondoa zebaki, na iliipeleka kwa nani.